Mrejesho: hema juu ya kanopi limekaa

Wakuu, niliuliza kama kanopi ya faiba ya pikapu yangu, yaani kile kibanda kinachofunika bodi ya nyuma, ingebeba hema la juu la kulalia la kilo 60, mmoja wenu akasema itapasuka kabla sijafika Kondoa. Nimefika hadi Kolo, kwenye michoro ya miambani, na kurudi Dodoma. Haijapasuka.

Mliosema tatizo ni mwendo mlikuwa sahihi. Gari ikiwa imesimama, watu wawili kulala juu si shida kubwa. Matuta ndiyo yanayoua: kila gari inaporuka, ule uzito unaipiga faiba kama nyundo. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea alinitengenezea fremu ya skwea paipu ndani ya kanopi, miguu yake imekaa kwenye kingo za bodi. Bolti za reli za juu, zinazoshika hema, zinapenya faiba hadi kwenye fremu, kila tundu lina washa ya mpira na silikoni. Faiba sasa inazuia vumbi tu, mzigo unabebwa na chuma. Fundi alitaka kubana nati hadi faiba ilie, nikamzuia.

Upepo wa huku mnaujua. Nililaza gari pua ikitazama unakotoka, bado turubai lilipigapiga usiku kucha. Na mafuta yanakwenda zaidi, msidanganyane.

Kilichobaki ni ngazi. Ikishushwa nyuma, mlango wa kanopi haufunguki, na jiko liko ndani. Wiki hii tunaligeuza hema, ishukie ubavuni.