Ukuta, pazia au safu za nyuma tu: wanawake wasali wapi msikitini?

Mwenye mada: Assalaam alaykum. Kila msikiti ukikarabatiwa ugomvi ni uleule: sehemu ya kina mama ijengewe ukuta, iwekwe pazia, au wasali nyuma ya wanaume bila kizuizi? Naomba dalili, si mazoea ya mtaa.

Abu Uthman: Waalaykum salaam. Mimi niko na ukuta. Suratul Ahzab aya ya 53: mkiwauliza kitu, waulizeni nyuma ya pazia, ndiyo safi zaidi kwa nyoyo zenu na zao. Ikiwa ni hivyo kwa wake wa Mtume, mama wa waumini, sembuse hawa wa leo? Na Bibi Aisha (r.a.) alisema lau Mtume (s.a.w.) angeyaona waliyoyazua wanawake, angewazuia misikiti.

Binti Mwambao: Sheikh, aya hiyo inahusu nyumba za Mtume na watu wanaokwenda kuomba kitu. Twende msikitini kwenyewe. Kapokea Imamu Muslim katika kitabu chake cha hadithi: safu bora za wanaume ni za mwanzo, na za wanawake ni za mwisho. Pangekuwa na ukuta, ya mwisho ingeizidi nini ya mwanzo? Tena sahaba Sahl bin Saad anasimulia kuwa wanaume walisali wamefunga shuka shingoni kwa udogo wake, wanawake wakaambiwa wasiinue vichwa kwenye sijda mpaka wanaume wakae sawasawa. Amri hiyo ina kazi gani nyuma ya ukuta? Na Aisha kusema "angewazuia" si kuzuia. Mtoto wa sahaba Ibn Umar alipoapa kuwazuia wanawake msikiti, babake alimkaripia vibaya sana.

Mwanafunzi wa Fiqhi: Nyote mmeruka suala la kusihi kwa sala ya jamaa. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, walio ndani ya msikiti mmoja umbali na kuta haziwadhuru, kwa masharti mawili: maamuma, yaani anayesali nyuma ya imamu, ajue imamu anahama lini, kwa kuona au kusikia, na pawe na njia ya kumfikia. Mlango uliorudishwa tu hauna neno. Chumba kisicho na mlango wa kuingilia msikitini, kinaingiwa kwa uchochoroni tu, hapo ndipo penye tatizo. Nje ya msikiti kikomo ni dhiraa 300 hivi, karibu mita 144, na pasiwe na kizuizi.

Ukuta unavyoharibu utaonekana alfajiri ya Ijumaa. Imamu anasoma Suratus Sajda, anafika aya ya 15, anatoa takbira na kusujudu sijda ya kisomo, ile ya kusoma aya ya sijda, bila kurukuu. Wanaume wa nyuma wanafuata wanayemwona. Kina mama ghorofani wamesikia "Allahu Akbar" tu, wote wamerukuu. Wanangoja "Samiallahu liman hamidah", inakuja takbira nyingine, kisha kisomo kinaendelea! Aliyegundua imamu akiwa bado chini, ashuke naye. Aliyegundua imamu keshasimama, hasujudu tena, asimame aendelee naye. Lakini wangapi ghorofani wanaijua hukumu hiyo?

Fundi Spika: Na umeme ukikatika? Amplifaya ikizima, chumba chenye ukuta kinakuwa kiziwi palepale. Spika ya kina mama iwe na betri yake. Kuwaonyesha imamu kwa simu kupitia intaneti ndiyo mbaya zaidi, picha inachelewa, watarukuu imamu keshainuka. Pazia la mita 1.2 linatosha: aliyekaa haonekani, aliyesimama anaiona safu ya mbele yake. Upindo wa chini tia mnyororo mwembamba, la sivyo feni italipeperusha.

Abu Uthman: Sauti ikikatika si apaze mtu takbira? Ndiyo kazi ya mubalighi.

Mwanafunzi wa Fiqhi: Ndiyo, apangwe kabla, asimame karibu na mlango wa kina mama. Asipokuwepo, wanawake wanuie kufarikiana na imamu, kila mmoja amalizie peke yake. Ni udhuru na sala ni sahihi. Ijumaa rakaa ya kwanza ni habari nyingine, maana kusali jamaa ni sharti mle. Akifarikiana hapo ataikamilisha adhuhuri, rakaa nne.

Binti Mwambao: Mimi naona mnabishania pahala pasipo na mchanganyiko. Ndani ya sala kila mtu anatazama anaposujudu. Msongamano uko kwenye viatu, kwenye ngazi na bomba la udhu, hasa Tarawehe inapomalizika na watu wote wanatokea mlango mmoja. Mtume alitaja kuwaachia wanawake mlango mmoja, na Ibn Umar hakuupitia tena mpaka anakufa. Ummu Salama naye anasimulia kuwa Mtume akitoa salamu alikaa kidogo, wanawake watoke kwanza.

Abu Uthman: Hapo kwenye mlango sina ubishi, dada. Pazia bado silikubali.

Fundi Spika: Basi kamati ianze na mlango na rafu za viatu upande wa kina mama. Tofali zitangoja.