Wanamwaga unga baharini kisha wanawaachia waliobeba: mpaka lini?

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaupunguza makali. Kila manowari ya kigeni inapokamata heroini kwenye Bahari ya Hindi tunaletewa picha ile ile: viroba vimepangwa safu safu kwenye sitaha, mabaharia wamesimama nyuma yake, chini pameandikwa kilo na thamani ya dola. Watu wanapongeza. Kinachofuata hakipigwi picha. Unga unaharibiwa huko huko baharini, nahodha wa jahazi na watu wake wanarudishwa kwenye chombo chao, wanawasha injini na kuondoka. Hakuna anayesimamishwa kizimbani kuulizwa mzigo ni wa nani, na nani alikuwa anausubiri pwani.

Msidhani ni uzembe wa kamanda mmoja. Ndio utaratibu wenyewe. Kikosi Kazi 150, kilicho chini ya muungano wa majeshi ya majini ya mataifa zaidi ya 40 wenye makao Bahrain, kazi yake ni kuvuruga magendo baharini. Kushitaki hakumo.

Aprili 2014, manowari ya Australia HMAS Darwin ilisimamisha jahazi maili kama 27 za baharini mashariki ya Mombasa. Ndani ya shehena ya saruji kulikuwa na kilo 1,032 za heroini. Maili 27! Bahari ya nchi inaishia maili 12 na ukanda wa karibu yake unaishia maili 24. Jahazi lilikuwa maili tatu tu nje ya mstari, mahali ambapo boti ya doria inayokwenda maili 12 kwa saa ingefika kutoka Kilindini kwa saa mbili na robo. Mzigo ukaharibiwa baharini. Miaka saba baadaye, Aprili 2021, HMCS Calgary ya Kanada ikavunja rekodi ya kikosi kile kwa kilo 1,286 za heroini kwa mkupuo mmoja. Utaratibu ulikuwa ule ule.

Kiini cha tatizo kimo kwenye Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, usomeni wenyewe. Ibara ya 105 inasema chombo cha maharamia kinaweza kukamatwa na nchi yoyote kwenye bahari kuu, na mahakama za nchi iliyokamata ndizo zitakazoamua adhabu. Ibara ya 108, inayohusu dawa za kulevya, inasema mataifa yote yatashirikiana. Basi. Haisemi nani akamate wala nani ahukumu. Ibara ya 110 inaruhusu manowari kupanda chombo kisicho na bendera ya nchi yoyote, na ndiyo maana majahazi haya yanapekuliwa, kwa sababu mengi hayana usajili unaothibitika. Lakini ruhusa ya kupekua si ruhusa ya kushitaki. Na linalouma zaidi ni ibara ya 109: mtu anayerusha matangazo ya redio bila kibali kutoka bahari kuu anaweza kushitakiwa na nchi yoyote inayoyapokea. Mwenye redio ametungiwa sheria kamili. Mwenye tani ya heroini ameachiwa neno "kushirikiana".

Sasa tazameni kazi inavyokwenda kule baharini, mwone kesi inavyofia njiani hata pale mtu anapotaka kushitaki.

Jahazi lenyewe ni la mbao au faiba, lina injini, urefu kati ya mita 15 na 23, linatoka pwani ya Makran, ile ya Iran na Pakistani. Halina kifaa cha kutangaza mahali lilipo, na halivunji sheria yoyote kwa hilo, maana sharti la kimataifa linaanzia meli za tani 300 zinazosafiri nje ya nchi. Kwenye rada, mbao hurudisha mwangwi hafifu. Msimu wake ni kaskazi. Kusi ikikaza kuanzia Juni hadi Agosti bahari inakuwa mbaya na safari hupungua. Likifika karibu na pwani yetu haliingii bandarini. Linakaa nje, boti ndogo za faiba zinalifuata usiku na kugawana mzigo.

Askari wakilifikia hupanda kwa boti za mpira. Upekuzi unaweza kuchukua saa nyingi, maana unga haukai juu ya samaki. Unakaa chini ya barafu ya samaki, nyuma ya ukuta wa uongo kwenye ngama, ndani ya tangi la maji au la dizeli. Wakiupata, wanachukua chembe na kudondoshea kimiminika cha kupimia. Kikigeuka zambarau, kinaashiria jamii ya afyuni. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Rangi ya zambarau si ushahidi wa kutosha mahakamani. Hakimu anataka ripoti ya mkemia wa serikali. Uzito uliopimwa kwenye sitaha inayoyumba, bila shahidi wa nchi itakayoshitaki, ni chakula cha wakili wa utetezi. Ukishamwaga mzigo wote na kubaki na sampuli, wakili anauliza: hizo kilo 1,000 ziko wapi? Kama viroba havikupigwa lakiri na kupewa namba kimoja kimoja, na kama picha hazionyeshi saa na nyuzi za mahali, kesi imekufa kabla haijafika mahakamani Shanzu, Mombasa.

Halafu kuna saa. Katiba ya Kenya inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 baada ya kukamatwa. Manowari iliyo maili 1,500 kaskazini mashariki ya Mombasa, ikienda maili 15 kwa saa, inahitaji saa 100 kufika. Siku nne kwenda, siku nne kurudi kwenye doria. Kamanda akipiga hesabu hiyo, na hana makubaliano yoyote ya kumpokelea watuhumiwa, anaona heri awaachie.

Msiniambie haiwezekani. Kwa maharamia iliwezekana! Machi 2009 Kenya na Umoja wa Ulaya walibadilishana barua za kupokea watuhumiwa. Mombasa ikapokea zaidi ya 100, na mwaka 2010 ukafunguliwa ukumbi maalumu wa mahakama Shimo la Tewa. Shelisheli nayo ikarekebisha sheria yake ya jinai mwaka 2010 na kuhukumu. Mahakama Kuu ya Kenya iliposema haina mamlaka juu ya uhalifu wa bahari kuu, Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo Oktoba 2012. Mashahidi walisafirishwa, vielelezo vilitunzwa, wafungwa walirejeshwa Somalia kumalizia vifungo. Yote yalifanyika kwa sababu waliotekwa walikuwa mabaharia wa meli za mizigo za wakubwa. Heroini inayoangamiza vijana wa Malindi, Tanga na Unguja haikupewa hata nusu ya bidii hiyo.

Na hapa ndipo siasa ya ulinzi ya Indo-Pasifiki, yaani Bahari ya Hindi na Pasifiki kuhesabiwa ukanda mmoja, inaponikasirisha hasa. Jina hilo, "Indo-Pasifiki huru na wazi", Waziri Mkuu wa Japani Shinzo Abe alilizindua Nairobi, Agosti 2016, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo. Nairobi, wakuu! Alizungumzia bahari mbili na mabara mawili. Miaka iliyofuata kila taifa kubwa likaandika mkakati wake, na katika mingi ya mikakati hiyo bahari yetu ikawa kitu cha pembeni. Marekani ilibadili jina la kamandi yake ya Pasifiki kuwa ya Indo-Pasifiki Mei 2018, lakini mpaka wa kamandi haukusogea: upande wa magharibi unaishia India. Pwani ya Afrika ni ya kamandi nyingine, Ghuba na Pakistani ni ya kamandi ya tatu. Jahazi likitoka Makran kwenda kaskazini mwa Msumbiji linaanza safari kwenye eneo la kamandi moja na kuimaliza kwenye eneo la nyingine, na kila kamandi ina bajeti yake na vipaumbele vyake.

Mei 2022 nchi nne za Quad (Marekani, Japani, India na Australia) zilikutana Tokyo na kutangaza mpango wa kutumia setilaiti kuona vyombo vinavyojificha baharini. Vituo vilivyotajwa kupokea taarifa vilikuwa India, Singapore, Visiwa vya Solomon na Vanuatu. Kituo cha kanda yetu cha kukusanya taarifa za baharini, kilichopo Madagaska, hakikutajwa. Australia ndiyo iliyonitia uchungu zaidi. Nchi ile ile ya HMAS Darwin ilitangaza Oktoba 2020 kwamba inaacha kupeleka manowari kila mwaka Mashariki ya Kati, doria zilizodumu miaka 30, ili nguvu zake zikae karibu na kwao. Mwaka uliofuata ikaingia AUKUS, mpango wake na Uingereza na Marekani wa nyambizi zinazoendeshwa kwa nyuklia, ambao serikali yake yenyewe imekadiria utagharimu dola za Australia bilioni 268 hadi 368 hadi katikati ya miaka ya 2050. Ni haki yao kuihofia China. Lakini mwenye kuondoa doria asiendelee kutuambia bahari hii ni moja.

Tena huko Pasifiki dawa yake inajulikana na inatumika. Marekani ina mikataba na Fiji, Samoa, Tonga, Kiribati na wengine, Papua New Guinea ikaingia 2023, ya afisa wa nchi ya pwani kupanda meli ya doria ya Marekani. Afisa huyo ndiye mwenye mamlaka ya kukamata. Pingu zinafungwa kwa sheria ya nchi yake, vielelezo vinahesabiwa mbele yake, na yeye ndiye shahidi mahakamani, hakuna haja ya kumwita baharia kutoka Halifax, Kanada. Sisi wazo hilo tumelisaini! Kanuni za Djibouti za Januari 2009, za nchi za kanda yetu kupambana na uharamia, zina ibara ya maafisa wa namna hiyo, na Marekebisho ya Jeddah ya Januari 2017 yaliongeza dawa za kulevya kwenye orodha ya makosa. Lakini kanuni hizo hazimfungi yeyote kisheria, na serikali zetu zimetosheka na warsha na mazoezi ya pamoja. Aprili 2025 India na Tanzania ziliendesha zoezi kubwa la kijeshi la baharini, AIKEYME, Dar es Salaam pamoja na majeshi mengine ya Afrika. Zoezi la kupanda meli na kuipekua ni jema. Swali langu ni nani anampokea mtuhumiwa gatini zoezi likiwa kweli.

Wanaosema hii ni njia ya kupita tu hawajui mzigo unavyolipiwa. Wenye boti ndogo hulipwa sehemu kwa unga wenyewe, na huo unabaki mitaani kwa kete. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Iringa iko mbali na bahari! Na tangu Februari 2011, pale hospitali ya Muhimbili, waathirika wanapanga foleni kila siku kumeza dozi ya methadoni, dawa mbadala wa heroini, mbele ya mhudumu wa afya, bila kuruka Jumapili wala sikukuu.

Oktoba 2025 Jeshi la Majini la Kenya lilifanya lile tulilokuwa tunaambiwa ni gumu: lilikamata jahazi lisilo na bendera mbali baharini likiwa na zaidi ya tani moja ya methamfetamini, likalileta Mombasa na watu wake sita, raia wa Iran. Mzigo, chombo na watu vyote vilifika gatini.

Kwa hiyo ninayodai ni mambo matatu. Kifungu kinachotamka wazi kwamba mahakama zetu zina mamlaka juu ya chombo kisicho na bendera kilichobeba dawa kwenye bahari kuu. Barua za makabidhiano kama zile za 2009, safari hii kwa dawa, zikieleza nani analipia mafuta ya safari ya siku nne. Na afisa wetu mmoja, wa Kenya, Tanzania au Shelisheli, juu ya kila manowari ya kikosi kile wakati wa kaskazi, akiwa na lakiri, mizani na daftari la vielelezo.

Aliye karibu na kamati za bunge za ulinzi, Dodoma au Nairobi, atuwekee hapa kama kuna rasimu yoyote mezani. Kaskazi inafungua Novemba.