Mrejesho: kifaa changu cha kupima mapigo ya moyo
Wakuu, niliuliza kwa nini kifaa nilichokiunda cha kuvaa mkononi kinasoma mapigo vizuri nikiwa nimekaa, lakini nikianza kutembea namba zinaruka hadi 180. Mkaniambia mwanga wa nje unapenya pembeni mwa sensa, yaani sehemu inayosoma mwanga wa taa ya kifaa unaorudi kutoka kwenye ngozi. Ni kweli kabisa! Nimeizungushia pete ya sponji nyeusi, na taa nyekundu nimeitoa nikaweka ya kijani, ambayo kwenye kifundo cha mkono haiyumbishwi sana na mtikisiko. Mkanda nao nimeupandisha, unakaa vidole viwili juu ya mfupa. Jana nimetembea dakika 40, nikasimama na kuhesabu mapigo shingoni: mimi 104, kifaa 106. Nimefurahi mno. Imebaki betri, inaisha baada ya saa 9. Nitajaribu kupima kila dakika 5 badala ya mfululizo. Asanteni sana.