Kopo la Shangazi na Mboga za Babu

Kikundi: UKOO WA MZEE SELEMANI 🏡

Shangazi Mwaju: Assalam alaikum wanafamilia. Nimempata dada mmoja Kariakoo anauza vidonge vya antioksidanti, vinazuia uzee, macho, kumbukumbu, magoti vyote. Kopo elfu tisini, linatosha mwezi. Tumchangie baba jmn, kila mtu elfu 15 tu

Juma: elfu tisini?? kopo la dhahabu au

Mama Zai: Waalaikum salaam wifi. Wazo zuri, mm natuma jioni

Zuhura: Shikamoo shangazi. Kabla watu hawajatuma hela naomba utupigie picha nyuma ya kopo pale penye maandishi madogo

Shangazi Mwaju: Marahaba. Hii hapa 📷

Zuhura: Nimeikuza nimeona. Beta karotini mg 20 kwa siku na vitamini E dozi kubwa. Hapo ndo pana shida maana babu sigara hajaacha

Babu: NIMEPUNGUZA

Juma: 😂😂 kumbe mzee yupo hewani

Zuhura: Shikamoo babu 🙈 Haya, kule Finland walichukua wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 wa miaka 50 mpaka 69, baadhi wakapewa beta karotini mg 20 hiyohiyo kila siku, walitegemea saratani ya mapafu itapungua, majibu yanatoka 1994 waliopewa beta karotini ndo wameugua zaidi kwa asilimia 18. Marekani nao wakafanya utafiti wa kwao ukasimamishwa 1996 kabla ya muda, mambo yaleyale

Bamdogo Hassan: Subiri kwanza mwanangu. Si ndo hiyo hiyo iliyomo kwenye karoti na maembe? Mbona mnatuambia tule

Zuhura: Ndo hiyo bamdogo, ila embe halikupi dozi kali ya kitu kimoja, inakuja pamoja na vitamini C na nyuzinyuzi na vingine kibao. Afu zile chembe haribifu (free radicals) ambazo hizo antioksidanti ndo zinazizima, nyingine mwili unazitumia kuulia vijidudu kwaiyo sio za kuzimwa zote. Kuna Mmarekani Denham Harman, 1956 huko, ndo aliyesema hizo ndo zinazeesha mwili, wazo tamu kweli, sema vidonge vilipojaribiwa kwa watu havikurefusha maisha

Shangazi Mwaju: Mbona mama yake huyo dada anavitumia, ana miaka 80 na anatembea kwa mguu mpaka Buguruni sokoni

Juma: labda kinachomsaidia ni hiyo safari ya Buguruni

Mama Zai: 😂😂😂 Na hiyo vitamini E je?

Zuhura: Dozi kubwa inaweza kuongeza kutoka damu, na babu anameza aspirini ya moyo kila asubuhi. Hata angeitaka angemuuliza daktari wake kwanza. Mama Zai ww ndo unakaa naye, anakula nini?

Mama Zai: Asubuhi chai na maandazi, mchana wali mchuzi, usiku uji. Nyama anaikwepa, magego hamna

Zuhura: Mnaona sasa. Huyo anaishiwa misuli, ndo maana kuinuka kitini mpaka ashike meza. Mzee anahitaji protini kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo yake, babu ana kilo 60, yai moja linampa gramu 6 tu. Huo uji weka maziwa na karanga za kusaga, dagaa watwange unga uingie kwenye mchuzi, kunde laini, mtindi. Mchicha na matembele msichemshe mpaka yawe meusi afu mmwage maji, tieni mafuta kidogo au nazi, hiyo karotini bila mafuta mwili hauipati vizuri. Na mapera! pera lina vitamini C kuliko chungwa, chagueni yaliyoiva laini, mbegu amchujie mtu

Bamdogo Hassan: Na chumvi, baba anaongezea mezani kabla hajaonja

Babu: MBOGA HAZINA LADHA

Zuhura: Ndimu babu, na tangawizi

Shangazi Mwaju: Sawa nimeelewa, ila nilishampa advansi elfu ishirini huyo dada

Juma: mdai kwa upole shangazi, akigoma nitakusindikiza

Babu: KWENYE HIYO PROTINI PWEZA HAYUMO?

Zuhura: Yumo babu, tena mzuri tu

Mama Zai: Nitamchemsha mpaka alainike nimkatekate vidogo, tui jepesi

Juma: natuma elfu 15 yangu basi, nani anapita feri soko la samaki kesho asubuhi

Bamdogo Hassan: Mm napita, tumeni kabla ya saa 12, nikichelewa wanabaki wadogo