Bingwa mmoja wa usonji akasomee nje, au pesa ile wafundishwe walioko Pemba?

Mjukuu_wa_Wete:
Assalamu alaykum. Naomba leo tujadili bila ya kutukanana. Kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, tunavaa fulana za buluu, tunapiga picha, tarehe 3 kimya mpaka mwakani. Mtoto wa Pemba mwenye usonji (autism kwa Kiingereza), wazee wake wakitaka aonwe na mtu aliyelisomea khasa jambo hili, ndio hivyo tena wapande boti. Sasa kuna wanaosema tuwatoe madaktari wawili watatu wakasome juu, yaani mtu kashamaliza miaka 3 ya ubingwa wa watoto kisha anaongeza mambo ya ukuaji na ubongo wa mtoto, kule Cape Town wana mpango wa kuwafunza madaktari wa Afrika wakirudi kwao wafanye kazi. Wengine wanasema hapana, pesa hiyo hiyo iwafundishe manesi, walimu wa skuli na wazee wenyewe. Mie niko kwa bingwa. Hao wa chini bila ya mtu wa juu yao atawasimamia nani?

Fundi_Boti:
Waalaykum salaam. Bingwa wa nini yakhe. Zama zetu mtoto akichelewa kusema huambiwa kachelewa, basi, mwisho wake anasema. Hizi simu ndizo. Mama anataka aangalie tamthilia yake ya Kituruki, mtoto kakabidhiwa simu tokea alasiri mpaka saa 4 usiku, akifika miaka mitatu hasemi ndio mnatafuta daktari wa Cape Town. Mnyang'anyeni simu muone.

mama_sukari:
We Fundi we, hivi umewahi kulea au unaona watoto wa watu wakipita gatini tu? Mwanangu alikuwa hageuki ukimwita jina lake na hata kusimama bado, nyumbani kwangu simu iliyokuwepo ni kitochi, betri imefungwa kwa mpira, sasa niambie kile kitochi kilimuonesha tamthilia gani. Watu kama nyie ndio mnaotufanya tuwafungie watoto ndani.

Karani_Mstaafu:
Fundi, huyo daktari Kanner kule Marekani kawaandika watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943. Elfu moja mia tisa arubaini na tatu. TVZ yenyewe imekuja miaka ya sabini, na tuliokuwepo tunakumbuka mtaa mzima unakaa mbele ya televisheni moja. Hao 11 walipewa simu ya nani?

Fundi_Boti:
Mzee Karani na heshima zako, mie sikusema wa huko, nimesema hawa wa sasa. Mbona zamani walikuwa hawaonekani na sasa kila nyumba? Na chanjo je? Hilo hamtaki kuligusa.

Nesi_wa_Zamu:
Tuliguse basi tulimalize. Yule Wakefield wa Uingereza aliandika 1998 akiihusisha chanjo ya MMR (surua, matumbwitumbwi na rubela kwa pamoja) na usonji, na watoto wenyewe aliowaandika ni 12. Jarida la Lancet likaifuta makala yake 2010 na mwaka huo huo akafutwa kwenye daftari la madaktari. Uchunguzi uliofanywa baadae kwa watoto malaki haukuona uhusiano wowote. Na sisi hapa tunachoma ya surua na rubela, wala si ile aliyoisema yeye. Kuhusu simu, mtoto anaeachiwa simu mchana kutwa anaweza kuchelewa maneno kwa sababu hakuna anaezungumza nae, hilo kweli na wazee tulisikie, lakini usonji unaanza mapema zaidi ya hapo na urithi una sehemu kubwa. Mbona hawakuonekana zamani? Walikuwepo, wakiitwa mabubu, mapunguani, au "yule mtoto wa fulani wa kule nyuma". Na kabla ya yote mtoto asiesema apimwe masikio kwanza, mwengine hasikii tu maskini.

Somo_wa_Mkoani:
Na kombe je, ile ya aya za Qur'ani zinazoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa? Mbona hamsemi kombe? Mtoto wa jirani yangu kanywa kombe na sasa anaita "mama".

Nesi_wa_Zamu:
Mnyweshe dua, hakuna aliyekukataza, dada. Ila kiliniki umpeleke pia.

Mjukuu_wa_Wete:
Jamani suali langu lilikuwa nani asomeshwe.

mama_sukari:
Narudi kwa Fundi maana hili la mama na simu limeniingia. Nilipanda boti na mwanangu mwaka jana kwenda kuonwa. Honi ya boti ilivyolia akaziba masikio akajitupa chini ya viti, abiria mmoja anamsomea, mwengine ananambia nimfinye, mwengine anarikodi vidio. Tumefika, tumekaa foleni, daktari (hospitali siitaji) hata mtoto hakumtazama vizuri, la kwanza ananiuliza mie "mama unakaa nyumbani au unafanya kazi?" Nafanya kazi. Akatikisa kichwa akaandika. Karatasi ile ninayo mpaka leo, imeandikwa mtoto apate mazungumzo zaidi. Nimetoka Pemba kwenda kuambiwa nizungumze na mwanangu!

Karani_Mstaafu:
Pole mama. Si jambo geni hilo, Marekani miaka ya hamsini na sitini wakubwa wa fani wenyewe waliwaambia akina mama kwamba roho zao za barafu ndizo zilizowafanya watoto hivi. Aliyekuja kuivunja hoja hiyo 1964 ni Rimland, mwanasaikolojia ambae mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji.

Mjukuu_wa_Wete:
Si mmeona? Daktari yule angekuwa kasomea asingemuuliza hivyo. Hoja yangu hiyo hiyo.

Mwalimu_wa_Kitengo:
Polepole. Kusomea nje nako kuna yake. Nilikaa mafunzo mafupi tukaoneshwa kipimo cha usonji kinachoitwa ADOS, ndicho wanachokitegemea sana huko, mtu hukitumii mpaka ufundishwe na sanduku lake ghali. Humo kuna mahali mtoto anafanyiwa mchezo wa besdei ya mwanasesere, keki ya kuigiza, mishumaa, wimbo, unaangalia kama mtoto anaingia kwenye mchezo, anamlisha, anapuliza. Sasa mlete mtoto wa Kisiwa Panza ambae kwao hakujawahi kupulizwa mshumaa ila umeme ukikatika, akikaa anakutazama tu utamwandikaje? Na wanaangalia pia kama anakukazia macho. Mtoto wetu aliyelelewa, mbele ya mtu mzima anainamisha macho, akikukodolea bibi yake anampiga kofi. Bingwa atakaesoma huko akirudi na vitabu vyao vile vile bila kuviuliza masuala atatuandikia nusu ya watoto wa chuoni kuwa wana usonji.

Kaka_wa_Chake:
Mwalimu umesema, ila mnajadili bingwa kama kwamba atatufikia. Atarudi Unguja, asubuhi hospitali, jioni kiliniki yake binafsi, Pemba atakuja siku ya uzinduzi akate utepe arudi na boti ya mchana. Tunalijua hilo.

Mwembeladu_Asili:
Haya, imeanza. Kila kitu Unguja kaila. Wapemba wenyewe mkishasoma nani anaerudi Pemba? Mmejaa Darajani mnauza simu hizo hizo anazozisema Fundi 😂

Kaka_wa_Chake:
Tunauza kwa sababu huko ajira mnapeana kwa majina ya mashangazi. Nionyeshe usaili mmoja ambao

Mwembeladu_Asili:
Mkwe wangu ni wa Konde na ana ajira, tena bosi wangu. Tafuta jengine.

Fundi_Boti:
Sasa hapa ndio mjadala 😂😂 endeleeni.

Niko_Muscat:
Salaam kutoka Omani. Achaneni na mambo ya Unguja na Pemba. Huku watoto wengi wanafanyiwa ABA, ile ya kumfundisha kitu kidogo kidogo na kumtuza. Cheti kikubwa cha fani ile ni BCBA cha Wamarekani, unataka shahada ya pili na saa 2000 za kazi chini ya msimamizi. Mie nilitaka mdogo wangu aisome, tukakuta tokea 2023 hawapokei maombi mapya nje ya nchi chache, yetu haimo. Kwa hiyo hata pesa ukiwa nazo mlango huo umefungwa. Na hata huko wenyewe wanagombana, watu wazima wenye usonji waliopitishwa ABA utotoni wengine wanaisema vibaya, kwamba walifundishwa kujificha tu.

Nesi_wa_Zamu:
Ndio maana nasema tuanze na tulichonacho. Moshi pale KCMC wanafundisha tiba kwa vitendo (occupational therapy), mtu anasoma hapa hapa nchini. Na WHO, Shirika la Afya Duniani, wana mafunzo ya wazee wa watoto wa miaka 2 mpaka 9, vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, mwenye kufundisha si lazima awe daktari, hata nesi au mwalimu akifundishwa anaweza. Mama anafundishwa kucheza na mtoto, kumpa nafasi aombe kitu mwenyewe, kumtuliza anapolipuka.

mama_sukari:
Nesi nakupenda lakini hapo hapana. Kwanza nilaumiwe kwa simu, sasa nifundishwe niwe mimi ndio daktari. Natoka kazini saa 10, napika, nafua, kisha nikae chini nifanye tiba? Baba yake yumo kwenye hivyo vikao 9 au vile ni vya kanga tu? Mwanangu mwaka huu msimu wa karafuu kakaa jamvini na bibi yake anachambua, makonyo huku karafuu huku, hakuna mkubwa aliyemshinda, na hakulia hata mara moja. Hakuna karatasi ya daktari iliyowahi kuniuliza anachokiweza.

Nesi_wa_Zamu:
Akina baba wanaalikwa. Kuja ndio

mama_sukari:
Ndio hapo.

Fundi_Boti:
Mie ningekuja.

mama_sukari:
Wewe ungekuja kutunyang'anya simu.

Mjukuu_wa_Wete:
Hahaha. Haya nabadilisha suali. Kama bingwa atasomeshwa kwa pesa ya umma, aandikiwe mkataba kwamba akirudi anaanza kazi Pemba, miaka 5, na huku huku awapike manesi na walimu. Mnaonaje?

Kaka_wa_Chake:
Mkataba wa karatasi upo siku zote. Atasema mkewe hapendi Pemba.

Mwembeladu_Asili:
Basi achukuliwe Mpemba asome, tuone kama atarudi yeye.

Kaka_wa_Chake:
Atarudi.

Mwembeladu_Asili:
Darajani 😂

Mwalimu_wa_Kitengo:
Miaka 5 mirefu, atakimbia wa pili. Mpeni 3, na nyumba yenye maji.

mama_sukari:
Na mie nauli ya boti? Au mkataba ni wa bingwa tu?