Naomba ushauri: niielezeje Proxima b kwa wanafunzi wa S.2 (mwaka wa pili wa sekondari)?

Ndugu zangu, nafundisha fizikia sekondari hapa Arua, Uganda. Klabu yetu ya sayansi inaandaa maonyesho, na wanafunzi wameing'ang'ania Proxima b, sayari iliyogunduliwa mwaka 2016, miaka ya nuru 4.2 tu kutoka kwetu. Inazunguka nyota yake kwa siku 11 hivi, umbali ambao maji yangeweza kubaki kimiminika.

Shida ni nyota yenyewe: kibete nyekundu, yaani nyota ndogo yenye mwanga hafifu, yenye milipuko mikali inayoweza kupeperusha angahewa. Wanafunzi wananijibu kwamba itawaka matrilioni ya miaka, wakati Jua letu litavimba kuwa jitu jekundu baada ya miaka bilioni 5 hivi. Kwangu, umri mrefu hausaidii kama hewa imeshaondoka.

Mliowahi kufundisha mada hii, nianzie wapi bila hesabu nzito? Kuna jaribio la taa na vifaa vya dukani?