Nimedaiwa hakimiliki kwa biti niliyoigonga mwenyewe, nifanyeje?

Fundi wa Tandale:
Wakuu salaam, naombeni msaada kwa anayeyajua haya mambo. Mimi ni prodyuza mdogo tu, nina studio ya chumbani huku Tandale, nawagongea madogo wa mtaani singeli na bongo fleva. Mwaka juzi nilimpa dogo mmoja wa Mbagala biti, tulielewana WhatsApp kwamba yeye anaimbia na mimi nabaki nayo nawapa na wengine, akatuma hela kwa simu tukamalizana. Sasa juzi nimeiweka YouTube kwenye chaneli yangu, biti tupu haina hata sauti ya mtu, muda si muda naletewa taarifa eti ni mali ya kampuni fulani ya nje ya kusambaza muziki na hela ya matangazo inaenda kwao!! Kumbe dogo alipeleka wimbo wake huko, nikimuuliza anasema yeye alijaza fomu tu. Projekti ninayo kwenye kompyuta, kila ngoma ni mkono wangu. Niwashtaki au nikaichukulie hataza kabisa wakome?

Kaka Mizani:
Pole mkuu. Hataza sahau, hiyo ni ya uvumbuzi wa kiufundi, mashine au njia mpya ya kutengeneza kitu, unaiombea BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Muziki ni hakimiliki, na hiyo unayo tangu siku uliyoseivu projekti. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo haki haisubiri usajili, na sheria yetu Na. 7 ya 1999 inakulinda uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa. Wajukuu watagombania hiyo biti 😂

Dada Mixa:
Kabla ya kushtaki mtu elewa kwanza kilichotokea maana hapo hakuna binadamu aliyekaa akasema hii ni yangu. Ni Content ID, mtambo ambao YouTube wanao tangu 2007, msambazaji anaingiza wimbo wa dogo kama sampuli halafu mtambo unapita kila video unalinganisha, umekuta biti inafanana basi umeikamata. Na masharti yao wenyewe yanasema anayeingiza kitu humo awe na haki pekee ya hicho kitu, biti ambayo wanaigawana watu kadhaa hairuhusiwi. Ile fomu aliyojaza dogo ina sehemu inauliza hivyo, wengi wanatiki tu wapite.

Fanya hivi. Pinga dai leoleo, ukipinga ndani ya siku 5 hela inashikiliwa kuanzia siku dai lilipoingia, ukichelewa inashikiliwa kuanzia siku unayopinga. Wao wana siku 30 za kujibu, wakikaa kimya dai linafutika. Andika kwa ufupi, biti ni yangu, fulani nilimpa ruhusa ya kuitumia si umiliki, basi. Usitukane. Na hilo ni dai tu, sio straiki, yaani onyo la adhabu kwa chaneli, chaneli haijaguswa.

Mzee wa Mwembechai:
Mnampotezea muda kijana, hao hawamsikilizi mtu wa Tandale. Futa video, pandisha pichi ya biti kidogo mtambo usiitambue, uweke upya. Mchezo umeisha.

Dada Mixa:
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo hapana. Biti ni yake, ajifiche kama mwizi kwa nini? Halafu kesho akimpa msanii mwingine biti ileile, naye anadaiwa. Lazima ule wimbo wa dogo utolewe kwenye mtambo.

Kaka Mizani:
Naongezea angalizo. Wakikataa pingamizi lako unaweza kukata rufaa, hapo wana siku 7. Wakikomaa wanaomba video iondolewe na hapo ndipo straiki inakuja, na straiki 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa. Utaruhusiwa kupeleka tamko la kukanusha, ila hilo linafuata sheria ya Marekani ya 1998, unaweka jina lako halisi na anwani na unakubali mahakama ya kule iwe na mamlaka juu yako. Jina linawafikia waliokudai. Sisemi usijaze, nasema usijaze saa 8 usiku ukiwa na hasira.

Fundi wa Tandale:
Asanteni sana, napinga sasa hivi. COSOTA je, ile ofisi ya hakimiliki, nikasajili au haina maana tena kama haki ninayo?

Kaka Mizani:
Kasajili. Cheti hakikupi haki mpya ila mkibishana kinaonyesha nani alijitokeza lini. Hizo meseji za WhatsApp na muamala wa simu usifute, huo ndio mkataba wako kwa sasa.

Dada Mixa:
Na dogo usimfokee, unamhitaji. Yeye ndiye mteja wa wale jamaa, akiwaandikia kwamba wimbo utolewe Content ID wanautoa haraka kuliko wewe wasiyekujua. Wimbo wenyewe unabaki kwenye majukwaa, hapotezi kitu, mashairi na sauti ni vyake. Mwambie hivyo kwanza kabla hajaogopa.

Fundi wa Tandale:
Nimempigia, anakuja kesho na simu yake tuandike pamoja. Anauliza na ile biti ya pili niliyompa, nayo aliijazia fomu hiyohiyo 🤦🏾

Mzee wa Mwembechai:
Marahaba binti. Huyo dogo mnyang'anyeni simu.